Usuli unapoukwamisha mswada: dalili, sababu na tiba kwa waandishi wa kumbukumbu za maisha

Mwongozo huu umetokana na makosa yanayojirudia katika miswada ya kumbukumbu za maisha ambayo nimekuwa nikiletewa kuhariri, mingi ikiwa ya watu waliostaafu ualimu, uuguzi, jeshi na utumishi wa serikali, walioishi mambo mazito na sasa wanataka wajukuu wao wayajue. Karibu yote huugua mahali pamoja. Ugonjwa wenyewe si lugha wala si uhaba wa mambo ya kusimulia. Ni habari za usuli, yaani yale yote ambayo msomaji hayaoni yakitokea lakini asipoyajua hawezi kuelewa kinachotokea: ukoo, mji, siasa za wakati ule, desturi ya posa, bei ya sukari.

Chini ya kila dalili nimeeleza sababu zake, ile inayopatikana mara nyingi ikitangulia, kisha ukaguzi mwepesi unaohitaji kalamu tu, na mwisho matengenezo mazito. Anza na ukaguzi mwepesi, kwa kuwa nimeona watu wakibomoa sura nzima wakati kilichohitajika kilikuwa kuhamisha sentensi 2. Kama rasimu ya kwanza bado haijakamilika, uweke mwongozo huu kando hadi uimalize. Rasimu ya kwanza ina haki ya kubeba usuli kupita kiasi, kwa maana hapo mwandishi anajikumbusha mwenyewe.

Dalili: kurasa 20 zimepita na bado hakuna lililotokea

Sura inaanza na babu wa babu, inapita kwenye chimbuko la kabila, inaeleza mipaka ya wilaya na mazao yake, na mwandishi mwenyewe anazaliwa ukurasa wa 19.

Sababu ya kawaida kuliko zote ni adabu. Mgeni akibisha hodi hukaribishwa, akasalimiwa, akaulizwa ni mtoto wa nani na ametokea wapi, na hakuna anayetaja haja yake kabla ya hayo. Mwandishi aliyelelewa hivyo huona haya kuingia moja kwa moja kwenye kisa. Sababu ya pili ni hofu kwamba msomaji hataelewa chochote bila kuandaliwa. Ya tatu, isiyo ya mara nyingi, ni kwamba mwandishi hataki hasa kuandika maisha yake. Anataka kuandika kitabu cha ukoo na hajajikubalia hivyo.

Tafuta sentensi ya kwanza ambamo mtu mmoja, siku moja, mahali pamoja, anafanya jambo, kisha andika namba ya ukurasa wake. Ikizidi 3, una tatizo. Ukaguzi wa pili una faida zaidi: mpe mtu asiye wa nyumba yenu aanze kusoma kuanzia sentensi hiyo, bila yale yaliyotangulia, na uandike kila swali atakalokuuliza. Mara nyingi maswali hayazidi 4 au 5. Orodha hiyo ndiyo usuli ambao sura inauhitaji, na kila jibu linapaswa kuwekwa karibu na mahali swali lilipozuka.

Matengenezo mazito ni kuhamisha mwanzo wa kitabu na kuzitoa kurasa zilizobaki, lakini usizitupe. Mzee mmoja alinikabidhi mswada wenye kurasa 31 za ukoo mwanzoni, nasi tukazitoa, akazipigisha chapa peke yake na kuwagawia ndugu. Zilisomwa kwenye kikao cha familia, na nasikia watu walibishana hadi usiku wa manane kama babu yao alishuka kutoka Usambara kabla ya vita vya Mjerumani au baada yake. Ndugu walizipenda kurasa zile kuliko kitabu chenyewe, nami sikushangaa hata kidogo.

Simama hapa ikiwa, baada ya ukaguzi, unagundua kwamba sababu yako ni ile ya tatu. Kitabu cha ukoo ni kazi nyingine yenye njia zake: mahojiano na wazee, mti wa nasaba, ulinganishaji wa masimulizi yanayopingana. Tafuta mtu aliyesomea historia simulizi kabla wazee hawajaondoka.

Dalili: historia ya nchi inaingia katikati na tukio linazima

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo zaidi. Nimetunga mfano wake, ingawa wengi watautambua:

«Mwishoni mwa 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kwamba hadi kufikia 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wamehamia. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ilitekelezwa katika mikoa mbalimbali. Sera hii ilitokana na misingi ya Azimio la Arusha la 1967. Familia yetu pia ilihamishwa.»

Hakuna kosa la historia humo, lakini sentensi 3 za mwanzo angeweza kuziandika mtu yeyote, na ile ya 4, ambayo ni ya mwandishi peke yake, imepewa maneno 4. Tazama aya hiyo hiyo usuli ukiingia kwa mlango mwingine:

«Baba aling'oa mlango kabla ya kumwamsha bibi. Balozi alikuwa amepita jioni akisema lori litafika alfajiri, na kwamba litabeba watu na vyombo, si nyumba. Lakini mlango ule ulikuwa wa mninga, baba aliulipia kwa pamba ya msimu mzima, na huko tulikokuwa tunapelekwa, alisema, tutakuta vigingi vya viwanja tu. Tangu mwaka uliotangulia kuishi kijijini kulikuwa amri. Sisi tulikuwa na nyumba, miembe 6 na makaburi 3, lakini kwa mujibu wa amri ile hatukuwa tunaishi kijijini.»

Amri imo, wakati wake umo, mkono wa serikali umo kwa sura ya balozi wa nyumba kumi, na hali ya kijiji kipya imo ndani ya vigingi. Kilichoachwa nje ni Azimio la Arusha, ambalo litasubiri sura nyingine, labda ile ambayo mwalimu anawakaririsha watoto sehemu zake darasani. Kanuni ninayoifuata ni hii: habari ya usuli iingie siku ile ambayo mtu ndani ya simulizi anailipia gharama. Baba anailipia alfajiri ile kwa mlango. Kama hakuna anayelipa, huenda habari hiyo si ya kitabu chako.

Sababu kuu ya dalili hii ni kutoiamini kumbukumbu ya mtu mwenyewe, hivyo mwandishi anakimbilia kitabu cha darasani na kunakili sauti yake. Sababu inayofuata ni kutaka haki itendeke, yaani jambo liandikwe rasmi kwa kuwa halijawahi kuandikwa. Nia hiyo naiheshimu, ingawa hekaheka ya mlango inashuhudia vizuri zaidi kuliko maelezo ya sera. Mara chache sababu ni shimo: mwandishi hakumbuki siku yenyewe, akalijaza kwa historia. Likiwa ni shimo, liseme. «Safari ya lori siikumbuki, nakumbuka tulipofika mvua ilikuwa inanyesha juu ya godoro» ni sentensi halali kabisa.

Ili kuikamata dalili hii, soma sura kwa sauti mbele ya mtu. Pale sauti yako inapogeuka kuwa ya mtangazaji wa taarifa ya habari, weka alama pembezoni. Kisha pitia alama hizo ukitafuta vitenzi vya kutendwa: ilitekelezwa, zilianzishwa, walihamasishwa. Kila kimoja kiulize nani alitenda na nani alitendwa. Mkiwa na majina, andika majina.

Yapo matukio, hata hivyo, ambayo hayawezi kubebwa na mlango mmoja. Askari anayesimulia Vita vya Kagera atamchosha msomaji akijaribu kuficha mpangilio wa vita ndani ya mazungumzo ya mahandaki. Msomaji anahitaji kuambiwa waziwazi kwamba majeshi ya Idi Amin yaliivamia ardhi ya kaskazini ya Mto Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na kwamba Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili 1979. Hapo toa nusu ukurasa mwanzoni mwa sura, andika kwa ufupi bila mapambo, kisha rudi kwenye buti zako. Kinachoudhi si historia kusimama peke yake. Ni historia kusimama kila baada ya aya 2.

Dalili: mtoto wa miaka 8 anaujua uchumi wa dunia

«Nikiwa kwenye foleni ya sukari mwaka 1982 nilifahamu kwamba kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, gharama za vita na kupanda kwa bei ya mafuta vilikuwa vimeidhoofisha nchi.» Hukufahamu. Ulifahamu kwamba mama aliweka jiwe kushika nafasi yake kwenye foleni, akaenda kuchota maji, na aliporudi jiwe lilikuwa limesogezwa nyuma.

Sababu karibu daima ni moja: mwandishi amesahau kutenganisha sauti 2, ya mtoto aliyeona na ya mtu mzima anayesimulia. Mtoto apewe jiwe. Mtu mzima apewe sentensi yake mwenyewe, iliyotambulishwa wazi: «Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba…» Tumia utambulisho huo kwa kiasi, si zaidi ya mara moja au mbili katika sura, kwani ukikithiri msomaji atahisi kuna mwalimu aliyesimama nyuma ya mtoto na fimbo.

Dalili: wahusika wanaelezana wanayoyajua

«Kama ujuavyo, mume wangu, kaka yako Hamisi aliyeoa mwaka jana kule Tanga…» Hakuna mke anayesema hivyo, isipokuwa anamsuta mtu. Iondoe habari hiyo mdomoni mwake na uiandike kama msimulizi. Dalili hii haina tiba nyingine na haihitaji nyingine.

Dalili: msomaji anauliza «huyu ni nani tena?»

Hapa usuli umepungua. Kosa hili ni la watu wanaosimulia vizuri kwa mdomo, na Kiswahili chenyewe kinachangia.

Sababu ya kwanza ni majina ya ujamaa. Baba ni baba, na ndugu zake wa kiume nao ni baba, mkubwa au mdogo. Mama wapo 4. Bibi wapo 6. Kisha kuna mtu mmoja anayeitwa kwa jina la ubatizo shuleni, kwa jina la utani mtaani, na Mama Fulani baada ya kujifungua. Sababu ya pili ni sarufi: kiambishi a- hakisemi kama ni mwanamume au mwanamke, wala ni yupi kati ya waliotajwa. Sentensi «alimkuta amelala, akamwambia asimwamshe» inaweza kuwa na watu 3, na barazani inaeleweka kwa sababu msimulizi ananyoosha kidole na kugeuza macho. Kwenye karatasi kidole hakipo. Sababu ya tatu ni siri: mwandishi ameruka habari kwa makusudi, na msomaji ameona pengo.

Orodhesha watu wote wa kitabu, na mbele ya kila mmoja andika majina yote uliyomwita. Mwenye zaidi ya jina 1 achaguliwe moja, na siku jina linapobadilika kwa sababu ya maana, kama vile kuzaa au kuhiji, mbadiliko huo uonyeshwe ukitokea. Kisha mpe kila mtu kitu kimoja cha kushikika anapoingia: mama mdogo mwenye cherehani, mjomba aliyekuwa utingo. Akirejea baada ya sura 3, gusa cherehani na msomaji atamkumbuka bila kuelezwa upya.

Ukaguzi wa pili unahusu wasomaji wa nchi jirani. Mtanzania akiandika «balozi» katika muktadha wa mtaani, ana maana ya balozi wa nyumba kumi, kiongozi wa shina katika mfumo uliotokana na chama cha TANU cha miaka ya 1960. Msomaji wa Nakuru ataona gari lenye bendera; na ukimtajia nyumba kumi, atafikiria mpango wa ulinzi wa mitaa ulioanzishwa Kenya miaka ya 2010. Vivyo hivyo darasa la saba: kwa Mkenya aliyesoma chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, hilo si darasa la kumaliza shule ya msingi. Maneno machache yanatosha: «balozi wetu, aliyesimamia nyumba zetu kumi». Sherehe ya maneno, yaani orodha ya maneno na maana zake, mwishoni mwa kitabu ni msaada mzuri, ila usiitegemee, maana wengi huigundua baada ya kumaliza kusoma.

Kuna na kinyume chake, ambacho kwangu ni kichekesho kinachochosha. Nimewahi kusoma, katika mswada wa Kiswahili uliokusudiwa kwa wasomaji wa Kiswahili, kwamba «tulikula ugali, chakula kinachotengenezwa kwa unga wa mahindi na maji». Mwandishi alikuwa akimsemesha mzungu asiyekuwepo chumbani. Ukiona sentensi ya namna hiyo jiulize unamwambia nani, kisha ifute.

Dalili: kumbukumbu na kalenda zinagombana

Sababu ya kawaida ni kumbukumbu ya kuazima: umesikia kisa mara nyingi hadi ukajiona ndani yake. Inayofuata ni kuunganisha matukio 2 ya miaka tofauti. Ya mwisho ni nyaraka zenyewe kukosea au kusomwa vibaya, na mfano mmoja una sura ya kwetu: kadi ya kliniki inasema mtoto alizaliwa «8.00», bibi anasema saa mbili, na mwandishi anadhani bibi amekosea. Wote wanasema kweli; mmoja anahesabu kwa saa za Kiswahili.

Fanya ukaguzi kwa kutumia matukio ambayo tarehe zake hazina ubishi. Mswada mmoja ulisema shangazi alikuja kwa basi kutoka Nairobi kupitia Namanga mwaka 1979. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa Februari 1977 na haukufunguliwa hadi mwishoni mwa 1983. Mwingine ulisema familia ya Morogoro ilitazama mazishi ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, kwenye televisheni sebuleni. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu 1973, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo chake hadi 1994, hivyo sebule ile ilikuwa na redio.

Usikimbilie kufuta. Kwenye kisa cha shangazi tuliuliza tena, na ikabainika kwamba mwaka ulikuwa sahihi na basi ndilo halikuwa sahihi: alivuka kwa njia ya panya, kwa miguu, usiku, na nyumbani ilikuwa marufuku kulisema. Usuli uliokuwa na kasoro ulikuwa umekalia kisa bora kuliko vyote katika kitabu.

Kwa matengenezo ya kina, pitia mswada mzima na pembeni ya kila habari ya usuli andika mojawapo ya maneno 3: nimeona, nimeambiwa, nimesoma. Yaliyo ya «nimeambiwa» yatajwe aliyesema, hasa katika mambo ambayo bado yanauma. Mtu anayeandika kuhusu Zanzibar ya Januari 1964 na alikuwa na miaka 4 wakati ule ana haki ya kusimulia alivyoambiwa na mama yake, mradi asiyageuze kuwa ushahidi wa macho yake. Jirani wa nyumba ya pili aliambiwa mengine na mama yake.

Simama ukifika kwenye tarehe, cheo au idadi ya watu ambayo tuhuma kwa mtu inaitegemea. Hapo kumbukumbu haitoshi. Nenda Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, Zanzibar au Nairobi, ukaombe msaada wa mtunza nyaraka, ambaye atakuonyesha kwa saa moja faili ambalo wewe ungelitafuta wiki nzima.

Dalili: ndugu wamesikia na wamekasirika

Sababu ya mara nyingi ni ndogo kuliko kelele zake: hawajasoma, wamesikia tu. Wape kurasa zinazowahusu, si mswada wote, na uwape muda. Sababu ya pili ni kwamba umefichua usuli usio wako, kama vile ugonjwa wa mtu, mtoto wa nje au deni. Jiulize kama kisa chako kitaanguka ukiondoa habari hiyo. Mara nyingi hakianguki. Inatosha kusema kwamba mjomba aliondoka, bila kusema aliondokea nini.

Kubadilisha jina peke yake si kinga. Ukiandika «muuguzi mkuu wa hospitali ya wilaya mwaka 1986», wilaya nzima imeshamtambua, hata umwite jina gani. Badilisha au uondoe cheo, mahali na mwaka, na uwaambie wasomaji katika dibaji kwamba umefanya hivyo.

Yako mambo 3 ambayo ukiyafikia unapaswa kuacha kuandika na kumtafuta mtaalamu. La kwanza ni mwili wako mwenyewe: ikiwa sura fulani inakunyima usingizi kwa siku nyingi, au inakurudisha kwenye tukio kana kwamba linatokea sasa, hilo si tatizo la uandishi, na wa kumwona ni daktari au mshauri nasaha. La pili ni tuhuma ya jinai au ya aibu dhidi ya mtu aliye hai, pamoja na habari za afya na za faragha za watu wengine. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, Tanzania ina ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022, na kashfa ni jambo la mahakamani kote kuwili. Mwanasheria asome kurasa hizo kabla ya mchapishaji kuziona.

La tatu huwashangaza wengi. Barua ambazo mchumba wako wa zamani alikuandikia ziko kwenye sanduku lako, karatasi ni mali yako na unaweza kumwonyesha umtakaye, lakini haki ya kuyachapisha maneno yaliyomo ni ya aliyeyaandika, na akifariki inabaki kwa warithi wake kwa miaka 50, Tanzania na Kenya pia. Picha ya harusi iliyopigwa studio inaweza kuwa na mwenye haki wake vilevile. Eleza kwa maneno yako barua ilisema nini na ilikufanya nini ulipoisoma; ukitaka kunukuu aya nzima, andika kwanza kwa mhusika au kwa watoto wake kuomba ruhusa, na ulitunze jibu lao pamoja na mswada.